Mgongo wa Baba

Binti yangu amenunua mafuta ya nywele. Ni kachupa kadogo kenye picha ya mwanamke mwenye nywele nyingi kuliko haja. Alipokafungua mezani nilikuwa nachambua choroko, na harufu ikanifikia kabla sijainua macho. Nikamwuliza ni mafuta gani hayo. "Ni castor oil, Mum," akasema, "inajaza nywele." Mafuta ya mbarika hayo, wenzangu! Yale yale tuliyopakwa toka utosini hadi kisiginoni tukaenda shuleni tunang'aa, na inzi wakitufuata njia nzima. Leo yanauzwa dukani na watoto wetu wanadhani yametoka ng'ambo. Nilicheka, halafu nikaziacha choroko nikatoka nje kusimama karibu na tangi la maji, kwa sababu machozi yalikuwa yanakuja na sikutaka kuulizwa.

Nililelewa na mikono iliyonuka mafuta hayo. Mama yangu alifariki kabla sijajua kushika kijiko, nikachukuliwa na mama yake, yaani bibi yangu, ambaye kwetu Ukambani huitwa Susu, akanilea nyumbani kwake, mwendo mfupi kutoka soko la Tulia. Baba alikuwa mpakiaji wa magunia katika ghala moja la mazao huko Kathonzweni, mbali, upande wa Makueni. Alikuja Krismasi, akakaa siku nne, akaenda. Boma lake lilikuwa ng'ambo ya mto wetu wa mchanga, karibu hivi kwamba tuliona moshi wa jiko lao. Aliyebaki humo ni dada yake mkubwa, Shangazi, ambaye alikuwa ameachana na mume akarudi nyumbani bila kitu isipokuwa kicheko chake. Mimi nilipewa jina la mama yao wawili, basi kwa desturi yetu waliniita Mwaitu, yaani mama yangu. Fikiria kuitwa mama na mwanamume mzima wakati wewe mwenyewe huna mama wa kumwita.

Susu alikuwa mkandaji. Hakujitangaza, lakini kila aliyeteguka, kila mjamzito aliyeelemewa kiuno, kila mtoto mchanga aliyenyongwa na tumbo, aliletwa kwetu. Aliletewa hata mwalimu mkuu aliyelalia shingo vibaya, akaja anatazama upande mmoja kama kuku. Susu aliwalaza kwenye mkeka upenuni, akapasha mafuta juu ya makaa ndani ya kigae cha chungu, akasugua viganja mpaka vikawa vya moto. Halafu hakukanda. Aliviweka tu juu ya ngozi, bila kubonyeza, akatulia. Mimi nilidhani anaomba, kwa maana alikuwa mtu wa kanisa. Kumbe alikuwa anangoja mgonjwa apumue. Kuna pumzi moja ndefu ambayo mtu huitoa mwili wake ukikubali kushikwa, na Susu hakuanza kazi kabla ya kuisikia.

"Mwili ni mbuzi mgeni," alikuwa akisema. "Ukimrukia, anakimbia."

Ungefikiri mtoto wa nyumba ile alikandwa asubuhi na jioni. Wapi! Kinyozi hajinyoi, na mjukuu wa mkandaji hakandwi. Nilikuwa na afya ya punda, sikuugua hata mafua ya maana, na ilipofika jioni Susu alikuwa ameshaimaliza mikono yake kwa watu wengine. Aliikunja mapajani akanyamaza. Nami nilikaa hatua tatu kutoka kwake, nakunywa uji wangu, na nilikuwa mpweke kuliko mtoto yeyote niliyemjua, ingawa siku nzima boma lilikuwa limejaa watu. Niliwaonea wivu wagonjwa. Niliwaonea wivu hata wale wachanga wanaolia tumbo, kwa kuwa wao walilia wakashikwa.

Siku moja nikaamua kuugua. Nilitoka mtoni na mtungi wangu nikichechemea, nikajitupa upenuni, nikasema nimeteguka. Susu alikishika kifundo cha mguu wangu kwa viganja viwili. Vilikuwa vya moto, vizito, na kwa muda wa kuhesabu mpaka tano dunia yote ilitulia.

"Huu mguu hauna kitu," akasema. "Nenda ulete mbuzi."

Nilienda, na kwa hasira nikasahau kuchechemea. Yeye akaniona, akacheka mpaka akashika mbavu. Ile hesabu ya tano niliitunza miezi mingi, nikiirudia kitandani.

Jambo lingine nililolijua utotoni, au nililodhani nalijua, ni kwamba Susu alimchukia Baba. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu. Krismasi moja tulikuwa tunatoka kanisani, Baba akatokea mbele yetu njiani na shati lake jeupe, na Susu, mzee wa watu na Biblia yake kwapani, akaingia kichakani. Aliingia moja kwa moja, miiba na yote, akajificha mpaka Baba akapita. Baba naye alipita ameinamisha kichwa kama mwizi. Hakuwahi kukanyaga boma letu, aliniita akiwa njiani, nje ya ua. Nikajumlisha mwenyewe: mama yangu alifia kwa Baba, basi Susu hamsamehi. Hakuna aliyenieleza kwamba hiyo ni nthoni, ile heshima kali ya Wakamba kati ya mama mkwe na mkwe wake, kwamba hawakutani ana kwa ana, hawali pamoja, na kugusana ni aibu ambayo haitajwi hata kwa mfano. Mchungaji alihubiri kwamba mambo hayo ni ya kale. Susu aliitikia amina, na kesho yake akimwona Baba aliingia kichakani.

Kisha Baba akaanguka. Huko ghalani rundo la magunia ya mahindi lilimporomokea akiwa ameinama, akalazwa hospitalini wiki mbili, wakasema mfupa haukuvunjika, ni misuli, aende nyumbani apumzike. Aliletwa na lori mpaka barabarani, wanaume wanne wakambeba juu ya kitanda kupitia mtoni. Nilisimama ukingoni nikiwaona wakipita. Uso wake ulikuwa wa rangi ya jivu, na hakuniona.

Siku ya tatu Shangazi akaja kwetu, bila kicheko chake.

"Mama, ndugu yangu anaoza pale kitandani," akamwambia Susu. "Jana nimejaribu kumkanda, akapiga yowe majirani wakakuja."

"Na wewe una mikono ya kutwanga mahindi ya muthokoi," Susu akasema. "Nani alikutuma?"

"Basi kuja wewe."

"Usinitukane mbele ya mtoto."

Kuku walikuwa wanachakura chini ya kiti cha Susu. Halafu nikaona Susu amegeuka, ananitazama kama ndiyo kwanza ananiona humo bomani.

"Lete mikono," akaniambia.

Aliigeuzageuza. Akanikata kucha kwa wembe, mpaka chini, akanisugua viganja kwa majivu na maji. Kisha alifanya jambo ambalo sikuwahi kulitarajia maishani mwangu. Alivua blauzi, akalala kifudifudi kwenye ule mkeka wa wagonjwa, akaniambia nimpake mafuta. Mgongo wa Susu ulikuwa mwembamba, una makovu ya kuni, na ngozi yake laini kuliko nilivyodhani. Alinifundisha hapo, juu ya mwili wake, uso wake ukiwa umetazama ukuta.

"Usianze penye uchungu. Anza mbali, kwa mabega. Mfupa wa katikati usiuguse, pita kando kando. Hapana, usinisukume, mimi si mlango. Weka tu uzito wako hapo, halafu ngoja. Ngoja! Watoto wa siku hizi mna haraka ya kwenda wapi?"

Nilingoja. Chini ya viganja vyangu akapumua, ile pumzi ndefu. Nilitaka kulia kwa furaha. Tulifanya hivyo jioni mbili mfululizo, na ya tatu nikavuka mto na chupa ya mafuta.

Ninyi wa rika langu mnawajua baba zetu. Hawakuwa watu wa kushika mtoto. Baba alikuwa hajawahi kunigusa zaidi ya kunipa mkono Krismasi, na sasa nilikuwa napanda kitandani kwake kwa magoti, nimevaa yunifomu ya shule. Mgongo wake ulikuwa mpana, na mabegani ngozi ilikuwa imeota sugu kwa magunia ya miaka mingi. Nilipoweka mikono akakakamaa mwili mzima. Nikangoja. Nilingoja mpaka magoti yakaniuma. Nje Shangazi alikuwa anapepeta kunde, nikausikiliza ungo wake. Ndipo Baba akapumua.

"Mwaitu," akasema ndani ya mto, "mikono yako ni ya moto."

Basi nikawa naenda kila siku baada ya shule. Nilikanda, nikaweka mchanga uliopashwa moto ndani ya kitambaa, nikakanda tena. Na kwa sababu alikuwa amelala kifudifudi na hanioni, Baba akaanza kuongea. Aliniambia juu ya Kathonzweni, juu ya punda wanaojua siku ya soko bila kuambiwa, juu ya mpakiaji mwenzake anayeimba akiwa amebeba gunia. Siku moja, bila kuulizwa, akaniambia mama yangu alikuwa hawezi kupika bila kuimba, na kwamba alikuwa ananibeba hata nikiwa nimelala usingizi, anakataa kuniweka chini. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Nilikanda huku machozi yakichanganyika na mafuta, na sidhani alijua.

Susu alishindwa kuvumilia habari za kusimuliwa. Wiki ya pili alivuka mto mwenyewe, akakaa nyuma ya nyumba ya Baba, ameupa ukuta mgongo na leso kichwani, akasuka kiondo chake na kuongoza kazi kutoka huko.

"Muulize kama uchungu unashuka mguuni," akasema.

Dirisha lilikuwa wazi. Baba alikuwa amesikia kama nilivyosikia, lakini alingoja.

"Baba, uchungu unashuka mguuni?"

"Mwambie ulikuwa unashuka. Sasa umekwama kwa kiuno."

"Susu, umekwama kwa kiuno."

"Mwambie baba yako ni vizuri, unarudi nyumbani kwake. Na awache kula ugali amelala kama nyoka."

Nikamwambia Baba asile ugali amelala kama nyoka. Shangazi alikuwa anacheka huko jikoni mpaka sufuria ikaanguka. Mimi sikucheka. Niliona watu wawili wanaochukiana hivi kwamba hawawezi kujibizana hata kupitia dirisha, na nilijiona wa maana sana, kwa kuwa bila mimi hakuna neno lingepita.

Baba akaanza kupona. Aligeuka mwenyewe, akakaa, akasimama ameshika nguzo. Wakati huo mvua ikanyesha na Susu akaacha kuja, alikuwa na shamba la kupanda. Jioni moja Baba akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeleta habari njema, "Mwaitu, hivi nikiendelea, mwezi huu hautaisha kabla sijarudi kazini."

Sijui kama mnakumbuka jinsi hofu ilivyokuwa utotoni. Nilivuka mto nikipiga hesabu. Baba akipona anaenda. Akienda hakuna mgongo, hakuna punda wa Kathonzweni, hakuna mama anayeimba. Ninarudi hatua tatu kutoka kwa Susu na uji wangu. Nilipofika nyumbani Susu akauliza, kama kawaida, mgonjwa anaendeleaje.

"Bado," nikasema. "Leo amelia alipogeuka."

Kesho yake nikamwambia Baba, "Susu amesema usiamke kwanza. Amesema mgongo ukianza kupona unadanganya."

Baba alinitazama kwa muda. "Susu amesema hivyo?"

"Ndiyo."

"Basi mimi ni nani nimbishie," akasema, akalala tena.

Ikawa rahisi. Kila siku nilibeba uongo mmoja kwenda na mwingine kurudi, na hakuna wa kunikamata, kwa sababu wale wawili hawangeweza kukutana kamwe. Nilimkanda Baba mabega tu, ambayo hayakuwa yanauma, polepole, huku akisimulia. Zilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizowahi kuishi, nami nilizipata kwa kumwibia baba yangu afya yake. Hivyo ndivyo nilivyoamini. Usiku niliota amekauka miguu.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Dereva wa lori akaleta salamu sokoni kwamba mwenye ghala amechoka kungoja, mwezi ukiisha nafasi ya Baba itapewa mwingine. Susu alirudi nyumbani na habari hiyo, akakaa, hakula. Nikamwona anaitazama mikono yake, ndani na nje.

"Imezeeka, hata kufundisha haiwezi," akasema. "Mgongo kama ule ungekuwa umeshasikia."

Hapo ndipo ningesema. Nilifungua mdomo kabisa. Susu akainuka, akajifunga leso kiunoni, akachukua chupa ya mafuta mwenyewe, akashika njia ya mtoni, nami nyuma yake nikikimbia.

Alisimama mlangoni kwa Baba. Shangazi alimwona akaweka mkono mdomoni. "Ngai anisamehe," Susu akasema, na akaingia. Baba alikuwa kitandani. Alipoona ni nani, alivuta blanketi akajifunika kichwa chote, akageukia ukuta, mgongo wake ukabaki nje peke yake. Susu naye aliangalia juu, kwenye paa. Akaweka viganja.

Haikuchukua muda. Aligusa kiuno, akashuka, akapanda, akabonyeza hapa na pale. Nilijua anachokisikia. Mikono ile haikudanganyika hata na kifundo cha mtoto.

"Mwambie baba yako," akaniambia, angali amemshika, "huu mgongo ni wa kubeba magunia. Umepona zamani."

Chini ya blanketi Baba alikuwa anatikisika mabega. Analia, nikafikiri, analia kwa hasira, sasa anajua nimemdanganya. Susu alitoka nje, akanawa mikono, akasema twende nyumbani. Njia nzima hakuniuliza kitu. Siku iliyofuata Baba alimpelekea Susu mbuzi na blanketi jipya kupitia kwa wazee, kusafisha ile aibu, na hata hayo mimi niliyatazama nikidhani ni faini kwa ajili yangu.

Siku mbili boma letu lilikuwa kimya. Jioni ya pili Shangazi akaja, mimi nikatumwa kuleta mbuzi, na niliporudi alikuwa ameshaenda. Susu alikuwa ametandika mkeka upenuni. Mafuta yalikuwa kwenye makaa.

"Lala hapa," akaniambia.

"Siumwi, Susu."

"Najua."

Alinikanda kuanzia kichwani. Alinikanda masikio, shingo, vidole vya mikono kimoja kimoja, mgongo wangu wa mtoto ambao haukuwahi kubeba gunia, mapaja, nyayo. Hakubonyeza hata mahali pamoja, ilikuwa kugusa tu. Nililia na hakuniambia ninyamaze. Nikadhani huo ni msamaha. Nililala usingizi pale pale mkekani, na asubuhi nikajikuta kitandani.

"Baba yako atapita kuondoka," Susu akasema akinipa uji. Hakunitazama. "Ukisikia unaitwa, fanya vile moyo wako unataka."

Moyo wangu ulitaka ardhi inimeze. Nilijua anakuja kuniuliza kwa nini. Kwa nini nilimlaza kitandani mpaka akakaribia kupoteza kazi, mimi ambaye alinisimulia habari za mama. Niliposikia viatu vyake njiani nikaingia ndani ya ghala letu dogo la nafaka, nikajikunyata kati ya vibuyu vya kunde.

"Mwaitu!" akaita.

Nikafunga mdomo kwa mikono yote miwili.

"Mwaitu!"

Jikoni kulikuwa kimya. Susu alikuwa humo, na hakuna hata kijiko kilicholia. Baba akakaa muda mrefu. Nilimsikia akikohoa, nikamsikia akisogea karibu na ua na kurudi. Akaita mara ya tatu, kwa sauti ndogo, kama mtu anayemwamsha mtu. Kisha viatu vikaondoka, na nikamshukuru Mungu.

Ghala lile la Kathonzweni lilimpokea, kazi hakuipoteza. Alioa huko, akapata watoto wengine. Aliendelea kuja Krismasi, tukaendelea kupeana mikono, na kati yetu palikuwa na adabu nyingi mno. Aliniuliza masomo. Nilimuuliza safari. Nikawa mtu mzima nikijua kwamba baba yangu hakunisamehe, na sikumlaumu. Susu alifariki nikiwa na mimba ya kwanza, bila kuligusia jambo lile hata siku moja. Nilipoelewa habari ya nthoni na kwa nini aliingia kichakani, nilicheka peke yangu, nikafikiri nimeshaelewa yote.

Baba naye alipofariki tulimzika pale pale ng'ambo ya mto. Watu walipokwisha kutawanyika nilibaki na Shangazi, mzee sasa, miguu imemvimba kwa kusimama kaburini. Nikamtafutia kiti, nikakaa chini, nikaichukua miguu yake mapajani nikaanza kuikanda. Kicheko chake kilikuwa bado kipo.

"Mikono ya Susu yako hiyo," akasema. "Unakumbuka baba yako alivyokuwa akijifanya mgonjwa?"

Nikamwuliza kujifanya vipi.

"Si ile ya mgongo! Alipona, lakini akawa hatoki kitandani saa zako zikifika. Asubuhi ananipasulia kuni, anarekebisha paa. Akikusikia unateremka kule ukingoni, mbio! Siku moja amelala na kiatu kimoja mguuni, nikamfunika haraka. Nikamuuliza, wewe mzee mzima, haya ni nini? Akasema, nikiamka huyu mtoto hatakuja tena. Na ile siku Susu yako aliingia! Alicheka chini ya blanketi mpaka akang'ata mto."

Mtu anajua kama mgongo wake mwenyewe unauma. Jambo dogo hivyo. Nilikuwa nimesoma, nimelea watoto, nimekuwa bibi wa watu, na sikuwahi kuliwaza. Nilitaka kucheka pamoja naye. Nadhani nilikuwa nimeanza kucheka.

"Lakini ulimwumiza wewe," Shangazi akaendelea, bila ubaya. "Hata mimi nilishangaa. Kule Kathonzweni kulikuwa na chumba nyuma ya ghala, na shule karibu. Akanituma kwa Susu yako nimwambie anataka kukuchukua muishi naye. Susu yako akanyamaza mpaka nikadhani hajasikia. Halafu akasema, mtoto si gunia, amwite, akitoka aende naye. Na baba yako kuingia hangeingia, boma la mama mkwe. Alikuita mara tatu. Akarudi hapa na kisanduku cha safari alichokuwa amekutafutia, akaniambia, Mwaitu amekataa. Akakaa hapo nje mpaka lori likakaribia kumwacha."

"Nilijificha, Shangazi," nikasema. "Nilikuwa ndani ya ghala letu la nafaka. Nilifikiri amekuja kunigombeza."

"Kukugombeza?"

"Kwa vile nilimdanganya asiamke."

Kule kaburini upepo ulikuwa unagonga maua ya karatasi.

"Kwa hivyo yeye alikuwa huko nje," akasema, "na wewe ulikuwa hapo ndani."

"Ndiyo."

Alinitazama, kisha akatazama miguu yake mapajani mwangu, na mikono yangu iliyokuwa imekaa juu yake haifanyi kitu.

"Mbona umeacha?" akauliza kwa upole. "Kanda, Mwaitu."

Nikakanda.